Kumtafuta bibi wa karne ya 19 kwenye hati za familia: mwongozo kamili kwa watu wa pwani

Wengi wanaoanza kumtafuta mama wa bibi yao hukwama mahali pamoja. Wana shajara ya ukoo, fulani bin fulani bin fulani, vizazi saba au nane vya wanaume, na mwanamke hayumo hata mmoja. Wanakwenda kwenye nyaraka na jina tupu, Fatma au Mwanaisha, wanapekua mpaka macho yanauma, kisha wanarudi wakisema hakuna kilichoandikwa.

Kilichoandikwa mara nyingi kipo. Mwandishi wa shajara aliweza kumruka mwanamke bila kuulizwa na mtu. Kadhi aliyegawa mirathi hakuweza, kwa kuwa mwanamke ana fungu lake katika sheria, na akiachwa nje hesabu haitimii. Basi mfuate kwenye mali: shamba, nyumba, mahari, wakfu, rehani. Jina lake utalikuta humo.

Mwongozo huu ni wa Unguja, Pemba, Mombasa, Lamu na miji ya Mrima, yaani pwani ya bara inayoelekea Unguja, kama Bagamoyo, ambako hati ziliandikwa kwa sheria ya Kiislamu. Kama bibi yako aliishi bara, hatua ya 1, ya 2 na ya 8 ndizo zitakazokufaa zaidi.

## Vinavyohitajika

- Daftari lililoshonwa, lisiwe la karatasi zinazochomoka.
- Penseli tatu na kifutio. Vyumba vya kusomea nyaraka havipendi kalamu ya wino.
- Simu yenye kamera nzuri, chaja, na mahali pa pili pa kuhifadhi picha.
- Rula ya sentimita 30, ya kuweka kando ya hati unapoipiga picha.
- Karatasi kubwa ya kuchorea ukoo. Usianze kwa programu ya kompyuta. Nyingi zinadai kila mtu awe na jina la ukoo, na bibi zetu hawakuwa nalo.
- Bahasha za karatasi. Za nailoni hutunza unyevu na hati huota ukungu.
- Kitambulisho au pasipoti, na kibali cha utafiti pale ofisi inapokitaka. Ulizia kabla ya kufunga safari.
- Mtu anayesoma Kiarabu cha mkono, na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu. Mwalimu wa madrasa mwenye umri mkubwa mara nyingi hufaa kuliko kijana aliyesomea Kiarabu cha magazeti, maana amezoea mwandiko wa makadhi.

## Hatua ya 1: Uliza kwa tumbo, usiulize kwa nasaba

Ukimwuliza mzee "ukoo wetu umetokana na nani?" atakutajia wanaume. Uliza hivi: "Bibi na ndugu zake wa tumbo moja walikuwa nani? Mama yao aliolewa mara ngapi? Alipoachika alirudi kwa nani? Nyumba aliyokaa ilikuwa ya nani?"

Talaka na ndoa za pili zilikuwa jambo la kawaida pwani. Mwanamke mmoja anaweza kuwa na watoto wa baba watatu, na kila mtoto akabeba nasaba ya baba yake. Kwenye karatasi watoto hao wanaonekana kama watu wasiojuana. Anayewaunganisha ni mama, na swali la tumbo moja ndilo linalomfichua.

Anza na wanawake wazee, na uwasikilize mmoja mmoja. Kikao cha familia kikiwa na wanaume wakubwa, bibi hunyamaza, hasa habari ikigusa utumwa au usuria, yaani mjakazi kuwekwa na bwana wake kama mke. Omba ruhusa kabla ya kurekodi, na akisema jambo fulani lisiandikwe, lisiandikwe.

Jihadhari na maneno ya ukoo. "Bibi" anaweza kuwa mzaa mama, dada yake, au mama mwenye nyumba tu. "Mama" anaweza kuwa mama mdogo aliyemlea. Kila mara rudia: "Huyu ndiye aliyemzaa?"

Umefaulu ukiwa na vitu vinne: jina lake, jina la baba yake, angalau mume mmoja, na mtaa au shamba. Ukikosa jina la baba, usiende bado kwenye nyaraka. Fatma peke yake utawakuta mamia.

## Hatua ya 2: Mtie ndani ya wakati

Wazee hawakuhesabu umri kwa miaka. Uliza alikuwa katika hali gani tukio fulani lilipotokea: alikuwa mchanga, kigori, mwali, ana mimba, au kashakuwa na wajukuu? Kigori mkadirie miaka 7 hadi 12, mwali 12 hadi 15.

Matukio ya kumwegemeza:

- Kufa kwa Sayyid Said, 1856.
- Kipindupindu kikubwa cha 1869 na 1870.
- Kimbunga cha Aprili 1872, kilichoangusha mikarafuu ya Unguja na kuiacha Pemba kwa sehemu kubwa.
- Kufungwa kwa soko la watumwa Unguja, Juni 1873.
- Zama za Sayyid Barghash, 1870 hadi 1888.
- Vita vya Abushiri na Wajerumani pwani ya Mrima, 1888 na 1889.
- Mizinga ya Waingereza iliyopiga jumba la Sultani, 27 Agosti 1896.
- Amri ya kuondoa utumwa Unguja na Pemba, Aprili 1897.

Tuseme bibi alisimuliwa kuwa mamake alikuwa mwali wakati wa kimbunga. Basi alizaliwa kati ya 1857 na 1860. Andika miaka hiyo yote miwili; ukiandika mwaka mmoja utakuja kuuamini.

Hapa ndipo kosa kubwa kuliko yote hufanyika. Mtu akisikia "karne ya 19" anakwenda kuomba hati za 1850 au 1860. Mwanamke aliyezaliwa 1858 huenda alikufa 1915 au 1925, na mirathi yake imo kwenye majalada ya karne ya 20. Huko ndiko anakoandikwa kwa ukamilifu, tena kwenye karatasi iliyopigwa mhuri na kupewa namba. Anza na miaka aliyofia, kisha urudi nyuma.

## Hatua ya 3: Piga picha kila karatasi ya nyumbani

Fungua makasha. Unachotafuta ni hati za kuuza na kununua, hati za wakfu, bei khiari (mauzo ambayo muuzaji ana haki ya kukomboa mali yake) na rehani, barua za talaka, orodha za mahari, na kurasa za mwanzo na mwisho za msahafu, ambako wengi waliandika siku za kuzaliwa na kufa.

Piga picha karibu na dirisha, bila mwako wa kamera, hati ikiwa imelala na rula kando yake. Picha ya kwanza iwe ya hati nzima, zinazofuata za karibu kwa mistari minne minne.

Usisahau mgongo wa hati. Watu hupiga upande wenye maandishi mazuri na kuuacha mgongo kwa kuwa una mhuri na tarakimu mbili tatu tu. Tarakimu hizo ndizo namba ya usajili, na bila hiyo karani hawezi kukutolea daftari lenye nakala.

Usitie hati kwenye plastiki ya moto na usizibe machaniko kwa selotepu. Gundi yake hugeuka rangi ya kahawia na kuula wino. Karatasi iliyokunjika iache siku moja mahali penye unyevu kidogo kabla ya kuikunjua, la sivyo itakatika penye mkunjo, na mara nyingi penye mkunjo ndipo palipo na tarehe.

## Hatua ya 4: Geuza tarehe

Hati nyingi zina mwaka wa Hijria. Njia ya haraka: gawa mwaka kwa 33, toa jibu kutoka kwenye mwaka wenyewe, kisha ongeza 622. Mwaka 1290: gawa kwa 33 upate 39, toa ubaki 1251, ongeza 622, ni 1873. Mwaka 1310 kwa njia hiyo hiyo (39.7 ifanye 40) ni 1892.

Hesabu hii ni ya kukadiria tu, na mwaka wa Hijria mara nyingi huingia ndani ya miaka miwili ya kawaida. Mwaka 1300 ulianza Novemba 1882, kwa hiyo karibu wote umo ndani ya 1883. Ukiwa na mwezi, tumia jedwali kamili. Kumbuka pia kwamba siku ya Kiislamu huanza magharibi, hivyo tofauti ya siku moja kati ya hati mbili si ugomvi.

Tarakimu za Kiarabu zina mitego miwili. Sifuri ni nukta, na duara ni tano; wengi huisoma duara kama sifuri na kumzeesha bibi kwa miaka hamsini. Mbili na tatu nazo hufanana sana wino ukififia. Mwaka ulioandikwa pia kwa maneno, uamini ule wa maneno.

## Hatua ya 5: Andaa orodha ya tahajia

Herufi za Kiarabu hazina p, v, ch wala g ya Kiswahili, na waandishi wengi waliazima herufi za jirani. Karani Mwingereza alisikia kwa sikio lake, na Mjerumani kwa lake: j ya Kiswahili unaweza kuikuta imeandikwa dsch, na ch ikawa tsch.

Kwa kila jina andika sura zote unazoweza kuzifikiria. Fatma, Fatuma, Fatima. Asha, Aisha, Mwanaisha. Mwanakombo, Mwana Kombo, Muana Combo. Kisha jiulize karani angeliweka chini ya herufi gani. Kwenye fahirisi za kikoloni "binti" mara nyingi imechukuliwa kuwa jina, kwa hiyo tafuta chini ya B, chini ya jina lake, na chini ya jina la baba.

Usiliweke jina la mume mahali pa jina la baba. Mwanamke wa pwani alibaki binti wa babake hata akiolewa mara nne.

## Hatua ya 6: Soma mafungu

Hii ndiyo hatua inayolipa kuliko zote, na ndiyo inayorukwa. Hati ya kuuza shamba ikisema fulani bint fulani anauza "thumuni" yake, umeambiwa uhusiano wake na marehemu hata kama haukuandikwa.

Mafungu ya kukumbuka:

- Mke: robo ikiwa mume hakuacha mtoto, thumuni, yaani 1/8, ikiwa ameacha mtoto, hata wa mke mwingine. Wake wakiwa wawili au zaidi, wanagawana fungu hilo hilo moja.
- Binti: nusu akiwa peke yake, mabinti wawili au zaidi bila mtoto wa kiume, thuluthi mbili, akiwapo mtoto wa kiume, binti hupata nusu ya fungu la kaka yake.
- Mama: sudusi, yaani 1/6, marehemu akiwa ameacha mtoto. Bila mtoto wala ndugu kadhaa, thuluthi.
- Mume wa marehemu: nusu, au robo kama marehemu aliacha mtoto.

Sasa rudi nyuma kwa hesabu. Mwanamke anauza 1/16 ya shamba: yaelekea ni mmoja wa wake wawili, maana thumuni imegawanywa mara mbili. Mtafute mke mwenza. Hati yake huenda iko ukurasa wa pili wa daftari lile lile.

Mfano mrefu kidogo. Mtu ameacha mke, mtoto mmoja wa kiume na mabinti wawili. Mke anachukua 1/8. Zinazobaki, 7/8, zinakatwa mafungu manne: kaka mawili, kila binti moja. Ukigawa shamba lote sehemu 32, mke ana 4, kaka ana 14, kila binti ana 7. Basi ukikuta hati ya "sehemu 7 katika 32" umempata binti, na umejua kwamba ana dada, ana kaka mmoja, na mjane alikuwa hai baba alipokufa.

Mafungu yakiwa ya ajabu, kama 21/256, usiikatie tamaa hati. Maana yake mrithi mmoja alikufa kabla mali haijagawanywa na fungu lake likagawanywa tena. Tafuta kifo hicho cha kati. Mara nyingi ni cha mama au dada ambaye hujawahi kusikia habari zake.

Soma pia mipaka. Hati hutaja jirani wa kila upande wa shamba, na jirani mara nyingi ni ndugu aliyepata kipande kingine cha mirathi ile ile.

Kwa Lamu, fuata nyumba kabla ya shamba. Koo kubwa za mji ule zilikuwa na desturi ya kumpa binti nyumba anapoolewa, na mlolongo wa nyumba kutoka mama hadi binti unaweza kukupeleka vizazi vitatu bila kutaja mwanamume ila kama wakili.

Umefaulu ukiweza kuwapanga warithi wote wa marehemu mmoja na mafungu yao yakajumlika kuwa kamili. Yasipojumlika, kuna mtu umemsahau. Mara nyingi ni mwanamke.

## Hatua ya 7: Kama watoto wamo na yeye hayumo

Una orodha ya warithi, watoto wake wametajwa kwa jina, mama yao hakuna. Kuna sababu tatu.

Alikufa kabla ya mume. Tafuta mirathi yake mwenyewe, mume akiwa mrithi wa robo.

Aliachwa na edda yake ikaisha. Talaka humwondoa kwenye mirathi ya mume, lakini watoto wanabaki. Mtafute kwa mume wa pili au nyumbani kwa kaka zake.

Alikuwa suria. Watoto wa suria aliowakubali bwana ni huru na wanarithi sawa na watoto wa mke; mama yao anakuwa huru bwana akifa, ila harithi. Basi kutokuwamo kwake ni ushahidi. Tazama kama marehemu alimwachia kitu kwa wasia, ambao hauzidi thuluthi ya mali, au kama ametajwa kwenye wakfu. Tazama pia mirathi ya watoto wake: mtoto akifa kabla yake, yeye akiwa tayari huru, mama anarithi fungu lake, na hapo ndipo jina lake linaandikwa kwa mara ya kwanza.

Masuria hawakuachiwa huru na amri ya 1897 kama watumwa wengine. Hali yao iliendelea mpaka sheria ya 1909. Usimtafute suria kwenye madaftari ya mahuru wa 1897 ukitarajia kumwona.

## Hatua ya 8: Mahuru na waliolelewa misheni

Mwanamke aliyeachwa huru hutajwa kwa jina la aliyekuwa bwana wake, "huru wa fulani", mahali pa jina la baba. Ukoo wake kwenye karatasi unaanza hapo, kwa hiyo soma hati za familia ya bwana. Akifa bila mrithi wa damu, fungu lilimrudia bwana au warithi wake, na shauri hilo lilipelekwa kwa kadhi. Hati za wakfu za Unguja na Mombasa nazo mara nyingi huwataja mahuru na vizazi vyao kama watu wa kukaa kwenye nyumba au shamba la wakfu.

Jina la kabila lililo mbele ya jina lake, Myao, Mnyasa, Mmanyema, lichukue kama dokezo. Mara nyingi lilitaja njia au bandari aliyopitia kuliko kijiji alichozaliwa.

Wasichana waliokamatwa baharini na manowari za Waingereza wengi walikabidhiwa misheni: Bagamoyo kwa mapadre wa Roho Mtakatifu waliofika huko 1868, Mbweni kwa misheni ya Kianglikana ya UMCA, na Freretown karibu na Mombasa iliyoanzishwa na CMS, misheni nyingine ya Kianglikana, 1875. Rejesta za ubatizo na ndoa zina tarehe, jina jipya na wasimamizi. Jina la zamani huandikwa mara moja tu, siku ya ubatizo, au lisiandikwe kabisa. Kwa hiyo anza na rejesta ya ndoa yenye jina la Kikristo, kisha rudi kwenye ubatizo. Za Kikatoliki zimeandikwa kwa Kilatini, na jina la mwanamke hubadilika mwisho wake kufuatana na sentensi: Maria, Mariae na Mariam ni mtu mmoja.

Barua na taarifa za misheni ziko Ulaya: za UMCA Oxford, za CMS Birmingham, za mapadre wa Roho Mtakatifu Chevilly-Larue karibu na Paris. Ziandikie ukiwa na jina, kituo na miaka isiyozidi kumi. Ombi la "chochote kuhusu bibi yangu" halijibiki.

## Hatua ya 9: Kwenda kwenye ofisi

Unguja, anza na Nyaraka za Taifa Kilimani, kisha Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana. Kwa Mrima nenda Nyaraka za Taifa Dar es Salaam, ambako majalada ya Wajerumani yamehifadhiwa. Tafuta msomaji wa mwandiko wa zamani wa Kijerumani, maana hata Mjerumani wa leo hushindwa. Kwa Mombasa, Malindi na Lamu kuna mahakama za kadhi, Kamisheni ya Wakf, ofisi ya ardhi na Nyaraka za Taifa Nairobi. Sheria ya ardhi ya 1908 iliwataka watu wa pwani ya Kenya kuleta madai ya mali zao. Majalada ya madai hayo yana wanawake wengi, kwa sababu kila mwenye fungu alitaka liandikwe.

Usiombe jina. Omba aina ya daftari na miaka: mirathi, usajili wa hati za ardhi, wakfu. Hakuna fahirisi ya mabibi. Pekua pia kwa jina la mume, la kaka, na la wakili wake. Wanawake wengi walisimamiwa na wakili mbele ya kadhi, na karani mvivu aliandika jina la wakili peke yake juu ya ukurasa.

Kila unapofungua jalada, andika kwanza namba yake kamili, ukurasa na tarehe, kabla ya kusoma neno moja. Jalada ulilolisoma bila kukuta kitu nalo liandike, ama utalisoma tena mwaka ujao.

## Hatua ya 10: Hakikisha ni yeye

Wajukuu hupewa majina ya bibi zao. Mwanaisha bint Juma wa 1870 na Mwanaisha bint Juma wa 1925 wanaweza kuwa bibi na mjukuu, kila mmoja na babake Juma, kwenye shamba lile lile. Watu wengi wamewaunganisha wawili hao na kupata mwanamke aliyeishi miaka 110.

Kanuni ya kazi ni hii: mkubali mwanamke wa kwenye hati kuwa ndiye bibi yako pale tu mambo matatu yanapolingana, yaani jina la baba, mali au mtaa, na jamaa mmoja anayejulikana kwa njia nyingine. Mawili yakilingana, andika "yaelekea". Moja, andika "yasemwa" na usichore mstari wa wino kwenye karatasi ya ukoo.

Kisha jaribu kuibomoa kazi yako. Umri wake unamruhusu kuzaa watoto unaompa, tuseme kati ya miaka 13 na 48? Alikuwa hai siku aliyouza shamba? Mafungu bado yanajumlika?

Ukimaliza, toa nakala tatu za picha na maelezo: moja kwako, moja kwa ndugu wa upande wa pili wa tumbo lile lile, na moja kwa mwenye kasha la hati, kwa kuwa hati ni zake. Habari za usuria na utumwa zisiwekwe mtandaoni kabla wajukuu walio hai hawajaridhia.